Maua Aliyotamani Yafe

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku aliyamwagilia maji maua ambayo alitamani yafe.

Yalikuwa kwenye makopo ya rangi yaliyopangwa kando ya ukuta wa bafu, mahali jua linapofika mapema. Ndani ya kila kopo palikuwa na tunguu moja, lenye umbo la kitunguu kidogo cha jikoni, na majani marefu ya kijani kama mikanda. Baba yake aliyaita wajukuu. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa utani na miluzi, na kila alipotoka kuoga alisimama mbele ya makopo na taulo begani.

"Mmeamkaje, wajukuu? Mmekunywa? Mwaka huu nataka kuona maua, sitaki visingizio."

Chiriku alicheka kidogo, kwa sababu baba alitarajia acheke. Mtaani walimwita Chiriku kwa vile mdomo wake haukujua kupumzika. Angeweza kusimulia safari ya dukani mpaka chai ikapoa. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwahi kumwambia baba yake, na jambo lenyewe lilikuwa ndani ya makopo yale, likizidi kuongeza majani.

Lilianzia katikati ya bustani, penye amarilisi nyeupe. Amarilisi huota kutoka kwenye tunguu, hutoa shina nene lenye uwazi ndani, na juu ya shina hufunguka maua makubwa yenye umbo la tarumbeta. Nyekundu zilijaa kila nyumba. Nyeupe ilikuwa hiyo moja tu, na mama yake Chiriku ndiye aliyeipanda, kabla hajafariki. Haikuwahi kutoa machipukizi pembeni kama wenzake, kwa hiyo baba aliamua kuipatia watoto kwa mbegu. Mwaka juzi, ilipochanua, alichukua brashi ndogo, akachota chavua, ule unga wa manjano, kutoka kwenye ua jekundu, akaupaka kwenye ncha ya kijiti kirefu kilicho katikati ya ua jeupe. Akafunga uzi wa bluu kwenye shina. Ua liliponyauka, nyuma yake kikaanza kuvimba kifuko cha kijani chenye mbegu.

"Usiguse hapo, mwanangu," baba alimwambia. "Humo ndani kuna watoto wa ua la mama yako."

Chiriku hakugusa. Aliruka kamba tu, akaruka karibu mno, kamba ikanasa shina na shina likavunjika.

Baba alikuwa ametoka kupeleka sare za shule kwa mteja. Chiriku aliokota lile shina, akalitumbukiza chooni. Kisha akaenda kwenye uzio wa nyuma, ambako amarilisi nyekundu zilikuwa zimechavushwa na nyuki na vifuko vyake vimekwisha kauka na kupasuka. Akakusanya mbegu zake, nyeusi na nyepesi kama vipande vya karatasi iliyoungua, akazifunga kwenye gazeti.

"Kifuko kilipasuka, baba," alisema jioni. "Nikaziokota zisipeperuke, halafu nikalikata shina."

"Umeniokoa, binti yangu!" Baba alifurahi kupita kiasi. Wiki nzima aliwasimulia wateja wake jinsi binti yake alivyookoa mbegu, na kila aliposifiwa, Chiriku aliona kusema kweli kunazidi kuwa kugumu.

Mbegu ziliota zote. Hapo ndipo hofu ilipoanza, kwa sababu zile mbegu zilikuwa na siku yao ya kuchanua, na siku hiyo haikuwa mbali tena.

"Yakitoka mekundu matupu nitasema nini?" alimwuliza rafiki yake wa darasani, waliyemwita Miwani, wakati wa mapumziko. Miwani ndiye pekee aliyejua.

"Nyamaza tu. Maua hayana mdomo."

"Hayana mdomo, lakini yana rangi."

Miwani alivuta miwani yake juu ya pua.

Mwaka huu, majani ya amarilisi nyeupe yalianza kuingia michirizi ya manjano. Chiriku ndiye aliyeiona kwanza. Hakusema kitu, kwani siku hizi hakupenda hata kulisogelea tuta lile. Michirizi ikaongezeka, majani yakajikunja, na shina jipya lililochomoza na matumba yake mawili lilikuwa limepinda. Baba aliacha kupiga miluzi. Jumamosi moja akamwita dada yake, aliyekuwa na kitalu cha miche kule sokoni, aje aangalie.

"Shikamoo, shangazi," Chiriku alisalimu.

"Marahaba. Mbona umekonda? Au siku hizi maneno yamekwisha?" Shangazi hakungoja jibu. Alipiga magoti kwenye tuta, akainua jani moja na kuliangalia kuelekea kwenye jua. Aliligeuza, akaliangalia tena. Alipoinuka, uso wake haukuwa na utani.

"Hili halina dawa, kaka. Ugonjwa umeingia mpaka kwenye tunguu. Wadudu wanaufyonza hapa na kuupeleka kule, na kisu kikikata hapa kikaenda kukata kwingine, umekwisha. Ling'oe ulichome. Leo, siyo kesho."

Baba aligusa jani lililojikunja. "Hili ni la marehemu," alisema.

"Najua. Nilikuwepo alipolipanda." Shangazi alimshika bega. "Lakini una watoto wake. Mara nyingi ugonjwa huu haupiti kwenye mbegu, ndiyo maana tunahangaika na mbegu. Hawa kwenye makopo ni wazima kabisa, si unawaona?"

"Kweli," baba alisema, na uso wake ukapata nuru kidogo. "Kweli, wapo wajukuu."

"Na yakitoka mekundu usishangae. Nyekundu ina nguvu, huufunika weupe. Wewe yachavushe yenyewe kwa yenyewe, weupe utarudi kwenye kizazi kinachofuata."

Chiriku alisikia kila neno, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alishusha pumzi. Kumbe ameshapona! Yatoke mekundu, hakuna atakayeshangaa. Hakuna atakayejua, si mwaka huu wala mwaka wowote. Baba ataendelea kungoja ua jeupe, mwaka baada ya mwaka, awe mzee akilingoja, na halitatoka kamwe.

Ile raha ikamtoka palepale. Baba alikuwa amekwisha kusanya majani makavu kwenye kona ya uwanja na kuyawasha. Moshi ulipanda, ukageuka na kurudi chini, ukawafuata hadi mlangoni. Baba akachukua jembe. Pigo la kwanza liliingia udongoni kando ya amarilisi nyeupe, kisha la pili, na tunguu likaanza kuinuka na mizizi yake. Chiriku alitaka kukimbilia ndani ajifunike shuka. Baba akainama, akalitoa tunguu kwa mkono. Chiriku akapaza sauti.

"Baba, usilichome!"

"Hata mimi linaniuma, mwanangu. Lakini wajukuu wapo."

"Hawapo!" Chiriku akaanza kulia. "Hao siyo wajukuu. Ni wa yale mekundu ya kwenye uzio. Nilivunja shina nikiruka kamba, nikalitupa chooni. Nikakudanganya."

Baba alimtazama Chiriku, akayatazama makopo moja baada ya jingine, kisha akalitazama tunguu lililokuwa mkononi mwake. Hakupiga kelele. Chiriku alitamani apige. Baba aliketi taratibu juu ya ndoo iliyofudikizwa, kama mtu aliyetembea mbali sana.

Shangazi ndiye aliyezinduka kwanza. "Lete hapa! Usilibane shina hilo!" Akalipokea tunguu na kuchunguza matumba. "Hayajafunguka, lakini hayajafa. Nipeni kopo kubwa na chandarua kuukuu. Litakaa peke yake nyuma ya nyumba, limefunikwa wadudu wasifike. Likichanua hata ua moja, tutapata chavua. Lisipochanua, basi tena."

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Baba alipika, akashona, akamwuliza Chiriku habari za masomo, lakini alipotoka bafuni alipita mbele ya makopo bila kusema kitu. Hilo lilimchoma Chiriku kuliko kiboko. Kila alipotoka shule alikwenda nyuma ya nyumba na kuchungulia kupitia chandarua. Tumba la kwanza liligeuka kahawia, likaanguka. Shina likazidi kuinama. Tumba la pili lilibaki limefumba, siku nenda siku rudi, na ncha yake nayo ikaanza kukauka.

"Baba, litafunguka?" aliuliza.

"Sijui," baba alisema.

Lilifunguka asubuhi moja ya mvua. Lilikuwa ua dogo, lililopinda, petali moja ikiwa imeraruka, lakini lilikuwa jeupe. Shangazi alifika mbiombio na brashi mpya. Tunguu halikuwa na nguvu ya kubeba mbegu, alisema, kwa hiyo wangechukua chavua yake tu na kuipaka kwenye amarilisi nyekundu iliyo nzima. Chavua iliyobaki aliiweka kwenye kikopo kikavu, akakifunga vizuri.

Baba alikwisha andaa ua jekundu lililofunguka asubuhi hiyohiyo, akaling'oa vijiti vyembamba vyenye chavua yake, lisijichavushe lenyewe. Akamtazama binti yake.

"Njoo upake wewe."

"Nikikosea je?"

"Njoo."

Chiriku alipaka, akibana pumzi, mpaka ncha ya kile kijiti ikawa ya manjano. Mchana, baba alilichoma lile tunguu la amarilisi nyeupe. Walisimama pamoja mpaka likawa majivu, na baba akafuta macho. Moshi ulikuwa mwingi, lakini Chiriku alijua siyo moshi.

Kesho yake Chiriku alikuwa akianika shuka. Upepo ulivuma ghafla, shuka lililolowa likapaa, likapiga lile ua jekundu. Ua likadondoka chini, kijiti chake na kila kitu.

Aliliokota. Uwanjani hapakuwa na mtu. Ndani cherehani ilikuwa ikikimbia, baba hasikii wala haoni, na mlango wa choo ulikuwa wazi hatua chache tu kutoka pale. Chiriku aliutazama mlango ule. Kisha akageuka, akaingia ndani na ua lililovunjika mkononi.

"Baba, nimeliangusha. Shuka limelipiga. Sasa hivi tu."

Baba alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. Akainuka, akachukua kile kikopo cha chavua, wakatoka pamoja. Kwenye shina lilelile, ua la pili lilikuwa limefunguka. Baba alilipaka, akafunga mfuko wa karatasi kuzunguka, akarudi kwenye mashine yake. Maji ya chai yaliyokuwa jikoni yalikuwa hata hayajachemka.

Kifuko kilivimba, kikakauka, kikapasuka. Jioni moja Chiriku na baba waliketi uwanjani wakizipanda zile mbegu kwenye udongo laini, na Chiriku, ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa akilizungukazunguka swali moja, akalitoa.

"Baba, siku ile nilipovunja shina, kama ningekuambia, ungefanya nini?"

"Ningekugombeza," baba alisema. "Halafu ningepaka ua jingine. Lile ua jeupe lilikuwa na shina la pili, hukumbuki? Maua yake yalichanua siku mbili baadaye, mimi nikayapita tu, nikijua mbegu ninazo. Kazi yake ingekuwa dakika moja."

Chiriku aliacha kupanda. Shina la pili alikuwa amelisahau kabisa.

"Kuvunja kitu ni bahati mbaya, mwanangu," baba alisema, akifukia mbegu ya mwisho kwa kidole. "Bahati mbaya tunairekebisha. Lakini siwezi kurekebisha kitu ambacho sijaambiwa kimevunjika."