Uzi wa Siri kwenye Gauni

Je, msomaji wangu, umewahi kumwona mtu anaumwa na mwenyewe hajui? Mimi nilimwona mwanangu.

Ni fundi cherehani, mpole, mcheshi. Mkewe hukanda unga kwenye duka la mikate. Wenzake walizoea kumtania: mume fundi, wewe gauni lile lile! Mkwe wangu alicheka, akameza neno lake.

Kisha mwanangu akabadilika. Akasema mkewe ana mwanamume kazini. Kila asubuhi alikifunga kifungo cha chini cha gauni la mkewe kwa uzi mwembamba, akiamini kwamba uzi ukikatika, gauni limevuliwa. Jioni aliukuta umekatika, na hapo hapalaliki. Tulimweleza kuwa kukanda unga ni kuinama na kuinuka, uzi lazima ukatike. Mkwe akaapa, nami nikaapa. Tulikuwa tunatwanga maji kwenye kinu.

Siku moja nikamkuta mkwe anakunja nguo zake na kuzitia begini.

"Mama, nampenda. Lakini nimechoka kukaguliwa kama mzigo."

Nikamwita jirani yetu muuguzi. Kwanza aliuliza kama mume amewahi kumpiga au kumtishia. Mkwe akasema hapana. Muuguzi akasema ingekuwa ndiyo, angeondoka kwanza aende mahali salama, mengine baadaye.

"Wivu wa kawaida hutulia ukiona ukweli," akatueleza. "Huu hautulii. Ni ugonjwa wa akili, na una tiba. Hakurogwa. Msibishane naye, wala msimkubalie. Mwambieni mnaona anavyoteseka."

Mwanangu alikataa kwamba ni mgonjwa. Lakini usingizi ulimpotea, na hilo alilijua. Nikamwambia, "Baba, twende kwa daktari wa akili kwa huo usingizi. Na hayo mengine umweleze mwenyewe."

Daktari alimsikiliza, akampa dawa na siku za kurudi kuzungumza. Mkwe akahamia chumbani kwangu kwa muda. Anakoroma, ila usimwambie. Mambo hayakwenda haraka. Kuna wakati mwanangu aliacha dawa, shaka ikarudi, tukaanza upya. Leo anazimeza hata akijiona mzima, maana wa kumwambia aache ni daktari.

Juzi aliliomba lile gauni. Akafumua mabaki ya uzi chini ya kifungo, kipande kwa kipande.

"Nilikushonea shaka, mke wangu. Nisamehe."

 Mkewe akalitoa lile neno alilolimeza miaka yote.

"Nataka gauni jipya. La kijani, lenye mifuko. Unishonee wewe."