Kikombe Chenye Jina la Babu

Kila asubuhi, kabla sijavaa sare ya shule, nilikuwa na kazi ya nusu saa bandani. Babu alikata vikonyo vya matunda, mimi nikayapangusa vumbi na kuyapanga kwenye maboksi, tayari kwa gari la ushirika. Kijiji chetu, upande wa mji wa Erlin, kinaishi kwa matunda ya joka, yanayozaliwa na mmea wa miiba unaotambaa juu ya nguzo. Yetu ni yale mekundu hadi ndani, na yaliyopasuka hayauziki, kwa hiyo tuliyala sisi. Nilikuwa nafika shuleni na midomo myekundu kama niliyejipaka rangi, na mwalimu alikwisha kuzoea.

Wageni hawajui kwamba ukila tunda hilo kwa wingi, mkojo nao unakuwa mwekundu. Kila mwaka darasani hatukosi mwanafunzi mgeni anayetoka chooni analia akidhani anakufa, nasi tunamcheka mpaka mbavu zinatuuma. Kwa hiyo siku nilipokuta choo chetu hakijavutwa maji, na maji yake mekundu, sikushtuka. Nilijua ni Babu. Nikavuta maji, nikaenda zangu shule.

Nyumbani tulikuwa wawili tu. Bibi alifariki nikiwa darasa la pili, na wazazi wangu wanafanya kazi katika jiji la Taichung, hurudi Jumamosi jioni. Babu, Tsai Chin-fu, ana miaka sabini na moja, na kwa ukaidi sijaona wa kumfikia.

Mwezi wa Septemba kilipita kimbunga. Kiliangusha nguzo za shamba, na matunda yote, yetu na ya majirani, yakaozea chini. Mwezi mzima hatukuonja hata kipande. Tulikula mapera meupe ya kununua sokoni. Basi asubuhi moja nikaingia chooni baada ya Babu, nikakuta maji mekundu, na safari hii ndani yake kulikuwa na kitu kama uzi mweusi wa damu.

Nilimfuata bandani nikamuuliza tunda amelila wapi. Akasema kwa Hsu. Mzee Hsu ni jirani yetu, na shamba lake lilikuwa limelala chini kama letu, nilikuwa nimeliona kwa macho yangu. Nilipomwambia hivyo, Babu akatazama pembeni. Akasema mgonjwa ni mtu anayeumwa, na yeye haumwi popote. Isitoshe, alikuwa ameanza kunywa unga wa kusafisha figo, alioagiza baada ya kusikia tangazo redioni. Kisha akaniapisha nisimwambie mtu yeyote, hata mama.

Nilijua anachoogopa. Miaka miwili nyuma Mzee Hsu aligundulika na saratani ya tezi dume. Alifanyiwa upasuaji, na miezi ya mwanzo alilazimika kuvaa pedi kwa sababu mkojo ulikuwa unamtoka bila hiari. Pale kwenye hekalu la kijiji, wazee wanapokunywa chai, aliyemcheka kuliko wote ni babu yangu. Alimwita bomba bovu mbele za watu. Sasa aliona zamu yake imefika, na aibu hiyo ilimtisha kuliko damu.

Jumamosi moja Liao, muuguzi wa zahanati, alikuja kuwapima wazee kwenye ua wa hekalu, kama afanyavyo kila mwaka. Presha, sukari, na kikombe kidogo cha mkojo. Kukwepa hakukuwezekana, maana asiyefika hufuatwa nyumbani. Babu akapewa kikombe chenye jina lake, akanivuta nyuma ya choo.

"Yun, nijazie hiki."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Babu, hicho si chako?"

"Mkojo ni mkojo tu, mjukuu wangu. Nusu inatosha. Nikiwapa wangu watanipeleka kwa watu wa visu, na mimi nina nguzo mia mbili za kusimamisha. Au hunipendi?"

Hilo neno la mwisho ndilo lililonimaliza. Nikaingia, nikajaza.

Dada Liao alichovya kijiti chake, akakitazama, akatangaza kwa sauti kwamba mkojo wa Mzee Tsai ni safi kama wa mtoto wa shule. Uani kote wakacheka. Mzee Hsu akasema basi tumtafutie mke. Babu alicheka kuliko wote, nami nikasimama pale masikio yananiwaka moto.

Jioni wazazi walipofika, Babu akajisifu mezani, na mama akafurahi kwelikweli, akamwekea minofu ya samaki iliyonona. Kila nilipomwangalia mama niliona kwamba sasa hata yeye nimemdanganya, na kwamba kama Babu anaumwa, mlango wa hospitali nimeufunga kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumanne nikaiona damu tena. Baada ya shule sikwenda nyumbani, nilipanda baiskeli hadi zahanati. Pale mlangoni nilisimama muda mrefu nimeshika usukani, maana kusema nilitaka na kiapo cha Babu nilikikumbuka. Mwishowe nikapiga moyo konde, nikaingia.

"Dada Liao, ule mkojo wa Babu ulikuwa wangu."

Akaweka kalamu chini. Sikukaripiwa. Aliniuliza nimeiona damu mara ngapi, kama ina mabonge, na kama Babu analalamika maumivu. Nikamwambia hana maumivu hata kidogo, nikitumaini atashusha pumzi. Yeye ndiyo kwanza uso ukambadilika. Akanieleza kwamba damu kwenye mkojo inaweza kuwa mawe, au maambukizi, mambo yanayotibika upesi. Lakini ile inayokuja bila maumivu, hasa kwa mtu mzima, madaktari hawaifanyii mzaha, kwa sababu inaweza kuwa saratani ya kibofu au ya figo. Kwa macho hakuna awezaye kujua, ni lazima mtu apimwe.

Akawasha pikipiki yake, akanifuata hadi nyumbani. Babu alipotuona pamoja hakuhitaji kuelezwa. "Umeniuza," aliniambia, akanigeuzia kisogo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Dada Liao alikuwa bado anambembeleza pale Mzee Hsu alipoingia. Pikipiki ya zahanati ikisimama kwa mtu, yeye lazima aje kuona kulikoni. Akasikiliza, akavuta boksi tupu akaketi.

"Chin-fu," alisema taratibu, "mimi ugonjwa wangu uligunduliwa mapema. Tezi ikatolewa, pedi nikavaa miezi mitatu, leo navaa chupi kama wewe. Kama ningeogopa mdomo wako, ungekuwa umeshakula chakula cha matanga yangu."

Babu akapokea kikombe kipya, akaenda chooni mwenyewe.

Kipimo kikaonyesha damu. Dada Liao akampigia mama simu papo hapo, na kesho yake mama akampeleka hospitali kubwa ya mjini. Picha zikaonyesha uvimbe kwenye figo la kushoto, ukubwa wa yai la bata. Ulikuwa saratani. Tulisubiri upasuaji siku tisa, na siku zote hizo Babu hakuniambia neno zaidi ya kwamba wali umeiva. Niliumia sana. Nilijua nimefanya sawa, lakini kujua hivyo hakukunisaidia kitu tulipokaa wawili mezani kimya.

Siku ya kulazwa, daktari mpasuaji, mama mmoja mpole aitwaye Kuo, alituita sote. Jambo la kwanza Babu aliuliza kama na yeye atavaa pedi. Daktari akatabasamu. Akamweleza kwamba tezi dume iko chini ya kibofu, imeizunguka njia ya mkojo, ndiyo maana ikitolewa misuli ya hapo huchukua muda kupata nguvu. Mafigo yako juu, nyuma, pande mbili za mgongo. Uvimbe ungekuwa mdogo wangeukata huo peke yake, lakini wa Babu ulikuwa katikati, kwa hiyo figo zima lingetoka. Wangepitisha kamera na vifaa kwenye matundu madogo tumboni, kisha watanue tundu moja ili kulitoa. Figo la kulia walikwisha kulipima, lilikuwa zima, nalo lingefanya kazi ya yote mawili. Ule unga wa redioni akamkataza kabisa, maana dawa isiyojulikana ingeweza kuliharibu hata hilo lililobaki.

Babu akauliza kwa sauti ndogo, "Na kama ningekuja baada ya Mwaka Mpya?"

"Leo uvimbe bado uko ndani ya figo," daktari alijibu. "Ukishatoka ukafika kwenye mapafu au mifupa, kisu changu peke yake hakitoshi. Ungetoka lini, mzee wangu, hakuna ajuaye."

Babu akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Upasuaji ulichukua saa tatu, na saa hizo tatu mama hakuuachia mkono wangu. Daktari Kuo alipotoka akasema figo limetoka lote na haoni dalili kwamba ugonjwa umesambaa. Babu angehitaji kurudi kupigwa picha kila baada ya miezi kadhaa, kwa miaka, lakini angeishi. Mama alilia, nami nikalia.

Kesho yake muuguzi wa wodi alikuja kusema ni wakati wa mgonjwa kujaribu kutembea. Babu akamwomba dakika moja, akamtuma mama akalete uji, akaniita karibu na kitanda.

"Yun, nimekukosea," alisema. "Nilikuuliza kama hunipendi ili udanganye kwa ajili yangu. Mtu mzima hamfanyii mtoto hivyo."

Sijawahi kusikia mzee wa kijijini kwetu akimwomba mtoto radhi. Nikainama, machozi yakanidondoka kwenye shuka lake.

"Nisikilize," akaendelea. "Mtu akikuambia utunze siri, jiulize kwanza inamlinda nani. Ikiwa inaficha ugonjwa, nenda ukaseme kwa mtu anayeweza kusaidia, hata kama umeapishwa, hata kama ni mimi, hata nikikununia siku tisa. Kununa kunaisha, mjukuu wangu. Kufa hakuishi."

Akashusha miguu sakafuni, akakunja uso kwa maumivu, akaniwekea mkono begani. Tukaanza kutembea polepole kuelekea mlangoni.