Zamu ya Ghorofa ya Tatu

Fundi cherehani wa mtaani kwetu ni mcheshi kupita kiasi, ila ukimpungia mkono barabarani hakupungii ng'o. Wengi wanasema anaringa. Haringi, jamani. Anaogopa, na alinieleza mwenyewe sababu yake.

Alikwenda kumsalimia shangazi yake kwenye mji mmoja wa viwanda vya zamani. Binti yake mchanga, aliyemwachisha ziwa juzijuzi, alimwacha kwa bibi yake na kuahidi kurudi kesho yake. Shangazi akampokea kwa utani: mgeni njoo mwenyeji apone, haya, shika kikapu ukaninunulie mkate.

Mji haukumpa raha. Majengo marefu ya matofali mekundu yaliyoliwa na masizi, madirisha mengi kuliko watu, reli zinazokatiza barabara na kugota ukutani. Nyumba za wafanyakazi zimebanana, na kila uchochoro, upende usipende, unakutoa kwenye lango la kiwanda cha nguo kilichofungwa zamani. Alijaribu kupita kwingine. Akajikuta langoni tena.

Aliinua macho. Kwenye dirisha la ghorofa ya tatu alisimama mwanamke mwenye kilemba, kainua mkono, kiganja wazi. Fundi, mtoto wa watu aliyefunzwa adabu, naye akainua wake. Yule mwanamke akashusha mkono na kutoka dirishani upesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Alipomsimulia shangazi wakimenya viazi, kisu cha shangazi kilisimama. Yeye alifuma nguo mle tangu ujana mpaka kiwanda kilipofungwa. Akaeleza kwamba mashine zilipiga kelele hata mtu hasikii kilio chake, basi wakawa wanaongea kwa mikono. Kiganja juu maana yake nimechoka, nipokee zamu. Ukijibu kwa kiganja umekubali, na mashine ni yako mpaka mwingine akupokee. Ndiyo maana wenyeji hupita pale wakitazama chini.

"Kwani mle kuna nani, shangazi?" fundi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hamna mtu, mwanangu. Hata sakafu za juu hamna. Ziling'olewa zote."

Fundi alitaka kucheka, kicheko kikagoma. Masikio yalianza kuvuma. Kisha ikaja wazi, chaka-chaka, chaka-chaka, ndani ya kichwa. Miguu ikainuka yenyewe. Akashika mlango, ukamponyoka. Akamwita mwanawe. Sauti yake hakuisikia. Miguu ikaendelea kwenda.

Shangazi alimkimbilia peku, mzee wa watu, akihema. Akamkuta langoni, mkono uko kwenye komeo. Akamgeuza, akaichezesha midomo polepole ili isomeke.

"Inua mkono."

Fundi hakuelewa. Aliinua, kiganja wazi. Shangazi naye akainua wake.

Kelele ikakatika hapo hapo. Fundi akasikia pumzi yake, akasikia mbwa akibweka mbali, ndipo akajua amefanya nini. Akamshika shangazi kiunoni, analia, anamvuta. Haikusaidia kitu.

"Nenda kwa mwanao," shangazi alisema. "Mimi mashine zile nazijua."

Akaingia. Askari walipekua mle siku nzima wakakuta nyasi na kuta tupu. Nyayo za miguu peku zilivuka vumbi hadi chini ya ukuta, zikaishia hapo.

Fundi hurudi kila mwaka. Husimama langoni akatazama juu bila kuficha macho, akingoja aombwe zamu, maana deni la namna ile halilaliki. Na shangazi huwa yupo, ghorofa ile isiyo na sakafu, mikono kaifumbata nyuma ya mgongo. Humtikisia kichwa. Hataki.

Safari ya mwisho mkono wa kulia wa shangazi ulikuwa umefungwa kwa kitambaa kiunoni, mafundo mengi. Vidole vya mkono uleule vilikuwa vinahangaika kuyafungua, na shangazi mwenyewe alikuwa anavitazama na kulia.