Jina Lililokwanguliwa

Mashua ilikuwa juu ya magogo nyuma ya karakana ya Cleophas Shitanda, Amalemba, maili thelathini kutoka ziwani, na kila asubuhi ilikuwa na maji ndani. Mvua haikuwa imenyesha. Cleophas aliyachota kwa kopo, akapangusa kwa gunia, akaendelea kuziba nyufa kwa pamba na lami. Kesho yake maji yalikuwa palepale, yakinuka tope na samaki.

Ilikuwa mashua kuukuu ya tanga, yenye chumba kidogo na vitanda viwili. Bwana Prentice, mlowezi wa Lugari, alimuuzia Joash, mfanyabiashara wa mjini, alipohama mwaka wa 1964. "Badilisheni mbao zote mkitaka," alisema, "ila jina msiliguse." Lilichongwa nyuma: HENRIETTA. Lilikuwa la bintiye, aliyezama Kisumu akiwa na miaka saba, asionekane tena.

"Kwangu itaitwa Jamhuri," Joash alisema. "Likwangue, fundi."

"Na maji haya, mzee?"

"Wewe ziba vizuri, usisingizie mapepo."

Cleophas alikuwa amechoka. Alilikwangua. Asubuhi iliyofuata mashua ilikuwa kavu, naye akamshukuru Mungu.

Mchana huohuo mwanawe wa majuma mawili, ambaye bado hakuwa na jina, alianza kulia. Alilia siku nne. Roda, mkewe Cleophas, alibadilisha matandiko yakalowa tena, wala haukuwa mkojo. Kageha, mamake Cleophas, akampakata mtoto na kuwataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja, kwani mtoto hunyamaza akitajwa marehemu anayetaka kumpa jina lake.

"Shitanda. Phineas. Masinde." Mtoto alilia. "Wamekwisha," Kageha alinong'ona. "Nani hatujamtaja, Cleophas?"

Harufu ya tope ilikuwa imejaa chumba, ile ile aliyokuwa akiichota kwa kopo majuma yote yale, na Cleophas, ambaye hakuwa amelala vizuri tangu mashua ile ishushwe kwenye lori, alihisi ulimi wake ukienda wenyewe kabla hajauzuia, akasema, "Henrietta."

Mtoto akanyamaza. Akageuza shingo ambayo jana haikuweza kusimama, akamtazama.

"Huyo ni wa kwa nani?" Kageha aliuliza. "Usirudie! Lirudishe ulikolitoa."

Cleophas alikwenda mbio, akalichonga tena, chini ya kitanda cha mashua, Joash asilione. Asubuhi maji yalirudi mashuani. Nyumbani Kageha alitaja Masinde tena, mtoto akatulia, akanyonya.

Tangu hapo mashua haikuruhusiwa kufa. Joash alipoipeleka ziwani, kila mwezi Cleophas alipanda basi hadi Kisumu, akachota maji, akang'oa ubao uliooza, akaziba, bila malipo.

"Fundi, umeioa?" Joash alimtania.

Mwaka wa saba kifua kilimlaza majuma sita. Alipofika Kisumu, kamba ilikuwa imefungwa gatini, bila kitu.

"Nimeiuza iwe kuni," Joash alisema. "Pumzika sasa, mzee wangu."

Alirudi nyumbani jua likiwaka. Mtoto alikuwa ameketi kizingitini, amempa mgongo.

"Masinde."

Hakugeuka. Maji yalimdondoka nyweleni.

"Masinde, mwanangu."

Cleophas alitua sanduku la vyombo. Roda akauliza kutoka jikoni mbona haingii. Ndipo alipoita lile jina jingine, polepole, na mtoto akageuka upesi, akitabasamu, kama mtu aliyengojeshwa miaka mingi.