Saa ya Kompyuta ya Nyuma

Kila asubuhi ya likizo ile ya Juni, kazi ya Genoveva ilikuwa kufungua steshenari ya shangazi yake pale Nangurukuru, kufagia, kupangusa vumbi na kuwasha kompyuta kabla wateja hawajajaa. Ilikuwa kazi ya dakika ishirini. Yeye aliimaliza kwa dakika saba, maana kwa maoni yake ufagio uliumbwa kwa ajili ya watu wengine. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na alisoma Lindi mjini, kwenye shule yenye kompyuta thelathini. Hakuna aliyepita mbele ya duka lile, awe mnunuzi wa kalamu au abiria anayesubiri basi, ambaye hakuwa ameshaelezwa habari za hizo kompyuta thelathini.

Kwa Shangazi Yustina zilikuwa mbili tu. Ya mbele ilikuwa kompyuta mpakato, nyembamba, inayotumia Windows, nayo ndiyo iliyounganishwa na printa. Ya nyuma ya pazia ilikuwa sanduku zee lenye kioo cha kitambi. Windows ilikuwa imeshalishinda, kwa hiyo fundi aliliwekea mfumo mwepesi uitwao Linux, na tangu hapo likafanya kazi bila kulalamika. Katikati palikuwa na kisanduku kidogo chenye taa mbili za kijani. Kisanduku hicho hakikuwa na intaneti hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kuziwezesha kompyuta mbili zisizofanana kupeana mafaili kupitia folda moja ya pamoja. Shangazi alipiga marufuku flashi tangu siku virusi vilipokula barua za watu za wiki nzima.

Nyuma ya pazia alikaa Mwahija, msichana wa miaka kumi na sita kutoka kisiwa cha Songo Mnara, aliyekuja kujifunza kazi baada ya kumaliza darasa la saba. Aliongea kidogo na aliandika kwa vidole vyote kumi bila kutazama chini. Genoveva, ambaye aliandika kwa vidole viwili, aliliona hilo na kuamua kwamba ni dalili ya mtu asiye na kitu kingine cha kufanya.

"Mtu wa kisiwani na kompyuta ya makumbusho," alimwambia Mama Salome, muuza chapati wa jirani. "Wameokotana."

Mama Salome alicheka mpaka akaunguza chapati. Kwenye kibanda chake kila neno liliingia likiwa jembamba na kutoka likiwa nene.

Wiki ile steshenari ilikuwa na kazi kubwa: orodha ya wakulima wa korosho watakaopata salfa, ile dawa ya unga inayopulizwa kuzuia ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiri. Asiye kwenye orodha hapewi. Mikorosho ilikuwa imeanza kuchanua, na ua likishaliwa na ubwiri, korosho hakuna, hata umwombe nani. Mwahija alikuwa ameandika majina mia mbili na kumi jana yake, na nakala yake ilikuwa kwenye kompyuta ya mbele. Lakini asubuhi ile Mzee Abdurahmani, katibu wa chama cha wakulima, alileta daftari jingine lenye watu arobaini na watatu wa kijiji cha Pande waliosahaulika. Akasema wazi kwamba orodha kamili inatakiwa ghalani Kilwa Masoko kabla ya saa tisa alasiri. Daftari nalo lilitakiwa Pande siku ileile, kwa hiyo likishaandikwa lirudishwe na gari la saa tano.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwenye zile dakika saba za Genoveva. Kompyuta ya nyuma ilikuwa na betri ya saa iliyokufa. Kila ikizimwa ilisahau siku na saa, na anayeiwasha asubuhi ndiye aliyetakiwa kuikumbusha. Genoveva aliweka tarehe. Kuhusu saa, simu ilikuwa mezani, lakini hakutaka kuifuata kwa ajili ya sanduku lile. Akapaza sauti kwa jirani:

"Mama Salome, saa ngapi?"

"Saa mbili hiyo, mwanangu."

Akaandika mbili. Hakufikiri kwamba saa mbili yetu ya asubuhi ndiyo nane ya kompyuta, ambayo huanza kuhesabu usiku wa manane. Akaenda zake mbele, akafungua ile orodha ya jana, akaipamba kichwa cha habari kwa maua mekundu na ya zambarau, akahifadhi. Kompyuta ya mbele ikaandika kando ya faili: saa nane na nusu. Hiyo ni saa mbili na nusu yetu, na ilikuwa sahihi kabisa.

Ilipofika saa tano, Mwahija alimaliza jina la arobaini na tatu. Alitupia jicho pembe ya kioo, akaona tano, na kwa kuwa kweli ilikuwa saa tano, hakuona ubaya wowote. Akalihifadhi faili kwenye folda ya pamoja, akamwambia Genoveva alichukue, kisha akabaki akifunga daftari kwa uzi.

Genoveva akalivuta faili. Kompyuta mpakato ikamuuliza swali: faili lenye jina hili lipo tayari, lililopo ni la saa nane na nusu, linalokuja ni la saa tano, lililopo libadilishwe au libaki? Akasoma mara mbili, kisha akatabasamu. Tano inatangulia nane. Maana yake Mwahija alikuwa akimpa takataka ya alfajiri, wakati alfajiri duka lilikuwa limefungwa. Mtu mwingine angejiuliza hapo hapo. Mwahija alikuwa hatua tano kutoka alipokaa. Kumuuliza kungechukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Lakini kumuuliza Mwahija ni kukiri kwamba Mwahija anajua kitu, na hilo Genoveva hakuwa tayari kuligharimia. Akabofya libaki.

Mwahija alipotoka kupeleka daftari kwenye gari la Pande, Genoveva akaenda nyuma ya pazia kunyoosha mambo. Faili la Mwahija akalitupa kwenye pipa la taka la ile kompyuta, na mahali pake akaweka lake lenye maua. Halafu akachapa kurasa zote, akazibana, akajisikia ameokoa duka.

Mzee Abdurahmani alifika kabla ya adhuhuri, wakati duka limejaa. Genoveva akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamkabidhi orodha kwa mikono miwili. Mzee akavaa miwani, akafunua ukurasa wa kwanza, wa mwisho, kisha akarudi wa kwanza.

"Maua nimeyaona," alisema. "Watu wa Pande wako wapi?"

Shangazi Yustina alimwita Mwahija, na Mwahija alisema ameandika wote. Wakaenda kutazama kompyuta ya nyuma. Palikuwa na faili moja, lenye maua, lenye watu mia mbili na kumi. Mwahija alilitazama kama mtu aliyeingia chumbani kwake akakuta kitanda cha mwingine. Daftari lilikuwa njiani kuelekea Pande, na saa ilikuwa inakwenda.

Wateja walikuwa wameacha shida zao na kufuata hii. Mama Salome, aliyekuja eti kuomba chenji, akasema kumbe mtoto alikuwa akiandika hewani. Mtu wa fotokopi akasema watoto wa siku hizi ndivyo walivyo. Genoveva alicheka pamoja nao, na kicheko chake ndicho kilichokuwa kirefu kuliko vyote.

"Mwahija," Shangazi alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, jambo lililokuwa baya zaidi, "kazi hii ni ya kuaminiana. Kukosea nitakuvumilia. Kuniambia umefanya wakati hukufanya, hapana. Ijumaa kuna boti ya kwenu."

"Niliandika, Mama Yustina," Mwahija alisema. "Ungeniuliza hata majina."

Wakati huo adhana ya adhuhuri ikaanza msikitini. Genoveva alikuwa amesimama kando ya pazia, na bila kukusudia akatazama pembe ya kile kioo cha kitambi. Kilisema saa sita na nusu. Akageuka kutazama kompyuta ya mbele. Ilisema saa kumi na mbili na nusu. Zilipishana saa sita kamili. Akaikumbuka sauti ya Mama Salome: saa mbili hiyo, mwanangu. Faili la Mwahija halikuwa la alfajiri. Lilikuwa la mchana huu, limevaa saa mbovu ambayo yeye ndiye aliyeiweka.

Akapenya nyuma ya pazia, akashika kipanya. Saa ingerekebishwa kwa mibofyo minne. Pipa la taka lingemwagwa kwa miwili. Hakuna mtu duniani ambaye angejua, na yeye angebaki kuwa msichana wa kompyuta thelathini.

Upande wa pili Mwahija alikuwa ameanza kumtajia Mzee Abdurahmani majina kwa kichwa. Hussen, mikorosho sitini. Bi Maftaha mjane, mikorosho kumi na nane. Iddi fundi cherehani, thelathini na mmoja. Mzee aliandika nyuma ya karatasi mbio mbio. Alifika wa kumi na tisa, akasimama, akafumba macho kumtafuta wa ishirini. Hakumpata. Genoveva, aliyesoma Lindi, hakuweza kukumbuka hata jina moja kati ya yale mia mbili na kumi aliyoyapambia maua.

Akatoka nje ya pazia.

"Shangazi, majina yapo," alisema. "Niliyatupa mimi. Yako kwenye pipa la taka la kompyuta ya nyuma."

Hakuna aliyecheka. Ilibidi aeleze yote, saa, swali la kompyuta, pipa, mbele ya watu walewale aliokuwa amecheka nao. Shangazi hakumkatiza. Alipomaliza alimuuliza jambo moja: alipoona saa hazipatani, Mwahija alikuwa wapi?

"Hapo nyuma. Anafunga daftari."

"Na mdomo wako ulikuwa wapi?"

Mwahija alikuwa ameshakaa mbele ya kompyuta ya nyuma. Alirekebisha saa ya kompyuta kwanza, kisha akalitoa faili pipani, akalifungua, akalihifadhi upya ili libebe saa ya kweli. Safari hii lilipovutwa mbele, kompyuta mpakato ilikuta kwamba linalokuja ndilo jipya, na Shangazi mwenyewe akabofya libadilishwe. Printa ikaanza kunguruma.

Kwa kuwa daftari halikuwepo, Mzee Abdurahmani alitaka majina ya Pande yasomwe kwa sauti ayahakiki, na akataka asome Genoveva. Akayasoma yote arobaini na matatu amesimama. Watu wa foleni, ambao umbea wao sasa ulipata kazi ya maana, walidakia: huyo ndiye aliyefiwa na mumewe mwezi wa Ramadhani, huyo shamba lake liliungua mwaka juzi, huyo ana wajukuu saba na hana mwingine wa kumsaidia. Kila jina lilipata uso. Wa ishirini alikuwa Bi Fauzia, bibi kipofu, mikorosho tisa. Mwahija aliposikia alijipiga paji la uso kidogo, akisikitika kwamba alimsahau.

Mzee alitia orodha kwenye mkoba. Alimwangalia Genoveva kama mtu anavyoangalia korosho iliyooza ndani, akaaga, akapanda bodaboda kuelekea Masoko. Saa tisa kasoro robo alipiga simu kusema orodha imepokelewa.

Duka lilipopungua watu, Shangazi Yustina alimwomba Mwahija radhi waziwazi kwa kumhukumu kabla ya kuuliza. Alisema mtu mzima naye hukosea, na akikosea hadharani aombe radhi hadharani. Kisha akamgeukia mpwa wake.

"Saa ungeweza kuikosea hata kama ungekuwa profesa. Hilo silo linalonikera. Kompyuta ilikuuliza swali, na mwenye jibu alikuwa karibu yako, ila ulimwona mdogo mno kukujibu. Sikiliza, Genoveva. Dharau haimpunguzii mtu akili, inampunguzia maswali. Na asiyeuliza, hata akiwa na kompyuta thelathini, atatupa mali ya watu akidhani anafagia. Leo ungewakosesha watu arobaini na watatu mavuno. Kilichowaokoa ni kwamba ulisema kweli kungali mapema, na hilo nalihesabu upande wako."

Genoveva akafuta macho. Alidhani yamekwisha, akashika ufagio. Shangazi akamwambia auweke chini.

"Habari kwamba Mwahija ni mwongo imeshafika stendi, na Mama Salome ameshaitilia chumvi. Ifuate. Kila kibanda."

Hayo yalikuwa magumu kuliko kukiri kwa kwanza. Alianza kwa Mama Salome, akaenda kwa muuza mihogo, kwa wapiga debe, kwa wauza maji, akirudia maneno yaleyale: kosa lilikuwa langu, Mwahija aliandika majina yote. Wengine walimcheka, na mmoja akamuuliza kama huko Lindi kompyuta hazina saa. Kwenye kibanda cha mwisho, mzee mmoja muuza kahawa, ambaye hakuwa amesikia lolote, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akauliza huyo Mwahija ni nani hasa.

Genoveva akatazama upande wa steshenari.

"Ndiye anayenifundisha kazi," alisema, akageuka kurudi dukani.