Kingo Mbili za Ntahangwa

Soko la Ruvumera asubuhi halina adabu: anayekukanyaga ndiye anayekuuliza kwa nini umesimama. Katika msukumano huo Soumaya alishika rundo la mwisho la magunia matupu, akakuta upande wa pili limeshikwa na mkono wa mwanaume.

"Dada, achilia. Nina kazi nayo."

"Na mi nitayavaa?" Soumaya alivuta.

Mwanaume akacheka. Alikuwa mrefu, buti za mpira hadi magotini, shati lina kutu mabegani kana kwamba amelalia geti. Soumaya naye alikuwa amependeza kuliko shughuli iliyomleta: gauni la kitenge cha kijani alilojishonea mwenyewe, ushungi wa rangi ya maziwa, na matope yaliyokwisha kuonja pindo.

"Unajaza mchanga, eh? Unakaa wapi?"

"Buyenzi, mtoni. Kwa Mzee Aboubacar, mshonaji. Tuna cherehani nne, na ukuta wa nyuma unachungulia maji."

Kicheko kikaisha. "Naitwa Shakuru. Sisi ndio tunaosuka vikapu vya waya, tunavijaza mawe, tunavipanga ukingoni. Chukua magunia. Ila mchanga peke yake, mto huu wa Ntahangwa unaumeza kama uji."

"Basi njoo na mawe yako."

"Nikija nitapewa nini?"

"Chai. Bila sukari. Utamu wa mdomo unao wa kutosha."

Alikuja. Akaja tena, na tena, kila mara akidai ukingo haujapimwa vizuri, mpaka shangazi Houda akauliza kutoka jikoni, "Mto gani huo usiomalizika kupimwa?" Jioni ilikuwa zamu ya simu, Shakuru akimwita sheri, yaani mpenzi kwa Kifaransa cha mjini.

"Sheri, umekula?"

"Nimekula. Umesuka vikapu vingapi?"

"Kumi na viwili. Cha kumi na tatu nikakukumbuka, waya ukanichoma."

"Usinisingizie! Macho yalikuwa wapi?"

"Buyenzi."

Soumaya alilala akitabasamu, na hilo ndilo kosa letu sote tunapopendwa: tunasahau kutazama juu. Mvua za Aprili zilikuwa zimeshika milima, na kila asubuhi uani kwao palipungua hatua moja.

Siku moja aliamshwa na malori. Akakimbilia nyuma ya nyumba. Mawe yalikuwa yakishushwa ng'ambo, upande wa pili, chini kabisa ya nyumba ya Mama Shakuru, mjane mwenye mtoto mmoja. Kila mkazi wa ukingo anajua maana yake: maji yakikataliwa kule, meno yanageukia huku. Akapiga simu.

"Shakuru, mawe yetu yako wapi?"

Shakuru aliwaambia wenzake wazime lori.

"Nayaona. Yako miguuni pa mama yako."

"Kwenu hayatakuja, Soumaya. Muulize mzee."

"Nakuuliza we! Umekunywa chai yetu miezi miwili!"

"Apana, siwezi kusemea nyumba ya mutu kabla mwenyewe hajasema. Muulize baba."

"Mwanaume mzima unajificha chini ya kofia ya baba yangu!"

Soumaya akakata, akaifungia namba ya Shakuru. Alimuuliza baba. Mzee Aboubacar hakuinua macho kwenye kitambaa. "Mawe yamechelewa. We shona, Idd imekaribia."

Akashona. Machozi yalidondokea kanzu za watu, na wenyewe hawakujua.

Ijumaa, baada ya swala, mto ulibadilisha sauti. Soumaya aliona ufa ukipanda ukutani, mwembamba kama uzi, kisha kama kidole. Mlango ukapigwa teke. Shakuru aliingia na wenzake watatu, wamelowa chapachapa. Walikuwa wamevuka daraja mbio.

"Mzee, tokeni! Nilikuambia tangu mwezi uliopita! Chini ya ukuta huu hamna udongo, ni pango. Mawe yangeuburuta ukuta mtoni tu!"

Soumaya alisimama na cherehani mikononi. "Baba?"

Mzee alivua kofia, akaketi. "Alinijia kwa heshima, akaniomba tuhame. Nikamwapisha asikwambie. Ungejua ungehama, mwanangu, na mi nisingeweza kuiacha nyumba wala kubaki peke yangu."

Hapakuwa na nafasi ya hasira. Walimbeba mzee, wakatoa cherehani mbili. Waliporudia ya tatu, ukuta wa nyuma ulikuwa umekwenda. Nguo za Idd za mtaa mzima zilielea kwenye maji ya kahawia, mikono imetandazwa.

Wiki mbili baadaye, katika chumba walichopanga mtaa wa Kinama, Shakuru alikuja bila buti, kanzu nyeupe imenyooshwa. Mzee alikuwa msikitini. Shangazi Houda alijibanza nyuma ya mlango, kama inavyopasa.

"Nimeleta mambo mawili. La kwanza, unisamehe."

"Jibu kwanza. Ulipopanga mawe ng'ambo, ulijua maji yatatugeukia?"

Angeweza kudanganya. Soumaya mwenyewe alitamani adanganye.

"Nilijua. Ng'ambo kulikuwa na udongo wa kushika, nikaokoa kinachookoka. Kwenu maji yangefika hata bila mawe. Ila kwa mawe yangu yamewahi. Kwa wiki, kwa mwaka, sijui, na sitajua."

Soumaya alilia bila sauti. Alipomaliza akajifuta kwa ushungi. "La pili?"

"Nataka kumtuma mshenga. Mama amekubali. Amekutengea chumba."

"Kinatazama wapi?"

Shakuru alitazama vidole vyake. "Mtoni."

"Kwa hiyo kila nikifungua dirisha nitaona shimo la kwetu."

"Mama hana mwingine, sheri."

"Najua. Ndiyo maana sikuombi umwache." Aligusa gurudumu la cherehani, likazunguka kidogo, likasimama. "Mtume mshenga. Baba atakubali, siku hizi anakupenda kuliko mimi. Lakini mwambie mama yako nitakuja na pazia langu, zito. Asiniulize hata siku moja kwa nini silifungui."

Shakuru akaitikia kwa kichwa.

Nyuma ya mlango shangazi Houda alikuwa amekwisha kuvuta pumzi ya kigelegele. Ikamtoka kama kikohozi.