Lavaus Akataa Kupatanishwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Lavaus alikaa na bibi yake kwenye kibanda cha kando ya barabara, akifuta majani ya tambuu kwa kitambaa chenye maji. Bibi Tjuku alipasua popoo kwa kisu kifupi, akapaka chokaa, akafunga kwa jani na kutupia kwenye mfuko wa kuuzia. Mikono yake ilikwenda kasi mpaka madereva wa malori wakaapa kwamba bibi huyo ana mikono minne, miwili ameificha kwa ajili ya sikukuu. Kijijini kwetu Tjavalung watoto huruhusiwa kuifuta tambuu, kuifunga na kuiuza. Kuitia mdomoni hawaruhusiwi.

Mteja wa kwanza siku zote alikuwa baba yake Lavaus. Kulele aliendesha lori la mananasi kutoka milimani hadi bandarini, na taya zake zilianza kazi injini ilipowaka, zikapumzika injini ilipozimwa. Mate yake mekundu yangetosha kupaka rangi daraja la mto wetu, na yanayobaki yapake kanisa. Asubuhi moja alimkuta Lavaus ameinamia simu, akamnyang'anya. Akiwa na shavu limetuna, alimwambia kwamba hicho kidude ni kilevi kama vilevi vingine, kinaozesha ubongo, na kwamba angekuwa yeye ndiye serikali angekipiga marufuku kwa watoto wote wa kisiwa hiki.

Lavaus alilitazama lile shavu. Damu ikampanda.

"Na hicho ulichonacho wewe mdomoni, baba?"

"Mimi ni mtu mzima," alisema Kulele. "Najijua." Akatema mate, akapanda lori lake, simu ikiwa mfukoni mwake.

Hasira ya Lavaus haikuwa ya simu peke yake. Kwa miezi kadhaa alikuwa amemwona baba yake akikata mkate vipande vidogo kama vya kulisha ndege, na kuuacha uji upoe kabisa kabla ya kuugusa. Baba huyo ndiye aliyeongoza nyimbo kwenye sikukuu ya mavuno, mwenye sauti iliyowahi kuwashusha nguruwe mwitu mlimani wakidhani wanaitwa. Siku hizi sauti ilipenya kwenye meno, kwa kuwa kinywa hakikufunguka zaidi ya vidole viwili. Na siku moja, baba akipiga mswaki mlango ukiwa wazi, Lavaus aliona ndani ya shavu lake doa jeupe, kama chokaa iliyokataa kuoshwa. Hakumwambia mtu. Nyumbani kwao, aliyetaja kinywa cha baba alikuwa ametaka vita.

Shuleni walikuwa wakijiandaa kwa mdahalo wa wilaya. Mada ilikuwa kwamba serikali ibane simu za watoto kwa sheria, kama inavyobana sigara na vilevi. Kwa taratibu za mashindano, kila timu huandaa pande zote mbili, na upande hujulikana kwa kura siku yenyewe. Lavaus na mwenzake Chih-an, mtoto wa fundi baiskeli, waliandaa zote. Lakini moyoni Lavaus alitaka kuunga mkono tu. Alijua baba yake atakuja kusikiliza, na ile hotuba ya vilevi, ambayo ingeanza na simu na kuishia kwenye tambuu, aliinoa kama panga.

Siku ilipofika, Mwalimu Hsiao, aliyewaandaa, alichota kikaratasi kwenye kopo. Kupinga.

Chih-an anasema Lavaus alitafuna kofia ya kalamu hadi ikaisha. Hata hivyo alipanda jukwaani akasema vizuri. Alieleza kwamba zile sigara za umeme zenye dawa za kulevya ndani yake zimepigwa marufuku, na bado kuna wanafunzi wanaozipata kwa kubofya simu tu. Alisema mtoto anayejificha kwa hofu ya sheria hawezi kuomba msaada, na kwamba serikali haiwezi kulala chumbani kwa kila mtu ikichungulia, bora mtu aachwe ajiamulie. Majaji walikuwa wakitikisa vichwa kukubali. Ndipo ukafika wakati wa maswali, akasimama msichana mmoja wa timu pinzani, wa mjini, mwenye sauti nyembamba.

"Umesema mtu aachwe ajiamulie. Je, kwenu kuna anayetafuna tambuu?"

"Baba yangu."

"Na ameamua vizuri?"

Lavaus alimwona baba yake kule nyuma, kofia mkononi. Angeweza kusema kwamba mfano wa mtu mmoja hauthibitishi kitu. Hilo walikuwa wamelifanyia mazoezi. Lakini alikuwa na hasira na kura, na baba, na yule msichana anayetabasamu, na zaidi ya yote alitaka kushinda.

"Ametafuna tangu kabla sijazaliwa," alisema, "na kinywa chake ni kizima kuliko changu. Mtu mzima anajijua."

Watu wakacheka na kupiga makofi. Timu ya Lavaus ikashinda, ikaingia fainali. Kule nyuma Kulele alipiga makofi kuliko wote, na njiani kurudi nyumbani alipiga honi kwa kila aliyekutana naye, wakiwemo bata.

Kilichofuata hakuna aliyekipanga. Mtu mmoja alikuwa amerekodi lile jibu. Kulele akalituma kwenye kundi la simu la kijiji. Binamu zake wakalituma kwa binamu zao. Kabla ya wiki kuisha, kila mtafuna tambuu bondeni alikuwa na Lavaus ndani ya simu yake, akisema kwa sauti ya kujiamini kwamba mtu mzima anajijua.

Jumamosi likaja gari la afya, likaegeshwa mbele ya kanisa. Huja mara chache, kuwapima bure vinywa watu wanaotafuna. Muuguzi wake alikuwa Eleng, dada yake Kulele, mwanamke mfupi mwenye mikono ya kubeba ng'ombe. Alipanga viti, akavaa glavu, akangoja. Hakuja mtu. Wanaume walikaa ng'ambo ya barabara, mashavu yametuna, wakimtazama kama watu wanaotazama mvua. Eleng alipowafuata mmoja mmoja, walimwonyesha simu. Mpwa wako mwenyewe, walimwambia, amekwisha kusema mbele ya majaji.

Alipofika kwa kaka yake aliambiwa hivyo hivyo, tena kwa kicheko. Lavaus alikuwa mlangoni akisikiliza. Aliona shangazi yake anavua glavu kwa hasira, kidole kimoja kimoja. Aliona pia jinsi baba alivyocheka bila kufungua mdomo. Uongo wake ulikuwa umekaa mbele ya gari lile kama mbwa mkali, na hakuna aliyethubutu kupita.

"Nilidanganya," alisema. "Shangazi, nilidanganya. Baba, unajua kwamba nilidanganya."

Kulele aligeuka polepole. Alitaka kujua lini hasa binti yake alidanganya, mbele ya majaji au sasa mbele ya dada yake. Lavaus akamjibu kwamba aende akajitazame kwenye kioo. Hapo nyumba ikawaka. Kulele alisema hakulea mtoto wa kumpandisha mbele ya ukumbi mzima kisha amshushe mlangoni kwake mwenyewe. Lavaus alisema bora ashushwe mlangoni kuliko kaburini. Walipigiana kelele mpaka kuku wa jirani wakasahau kutaga kwa siku tatu, na wanaobisha wakamuulize jirani.

Lavaus hakuishia hapo. Aliazima simu ya Chih-an akajirekodi, akatuma kwenye lile lile kundi la kijiji. Hakulitaja doa. Alisema hivi: "Niliposema kinywa cha baba ni kizima, sikuwa mkweli. Nilitaka kushinda tu. Sijui kinywa chake kikoje, naye hajui, na nyinyi hamjui vyenu. Anayejua ni yule anayepima."

Kisha akampigia Mwalimu Hsiao na kumweleza yote. Mwalimu aliyaandika yote. Alimwambia kwamba atawaarifu waandaaji, na kwamba huenda nafasi ya fainali ikaondoka. Iliondoka kweli, jioni ile ile, ikapewa timu ya yule msichana wa mjini.

Chih-an alirusha tufe la karatasi ukutani. "Watu wengine husema uongo mdogo unaokauka wenyewe," alisema. "Wewe ukadanganya mpaka mabondeni, halafu ukaamua kuwa mtakatifu kwa simu yangu." Hakumsemesha tena siku ile, na Lavaus hakumlaumu.

Kesho yake, baada ya ibada, Bibi Tjuku alitandika mkeka sebuleni na kuwaita Lavaus na baba yake. Eleng alikuwepo, amesimama mlangoni, kwa kuwa gari lake lingeondoka jioni. Bibi akatoa popoo mbili mpya. Kwetu ugomvi humalizwa hivyo. Mkubwa wa nyumba huleta popoo, kila mgomvi hupokea moja kutoka mkononi mwa mwenzake, na tangu hapo jambo lile halitajwi tena maisha yote. Mtoto huishika tu mkononi, haitafuni. Nyumba isiyopatana haiingii kwenye duara la ngoma ya mavuno, na sikukuu ilikuwa inakaribia, na mwimbishaji alikuwa Kulele.

Kulele alichukua moja akanyoosha mkono haraka, haraka kupita kiasi. Lavaus akauona ule mkono, na akaelewa. Akiipokea ile popoo, kinywa cha baba hakitatajwa tena nyumbani mle.

"Sipokei," alisema.

Bibi akadhani hakusikia vizuri. Tangu kijiji kianze, tunavyoambiwa, hakuna mtu aliyewahi kuikataa. Hata Mzee Camak aliyeuliwa ng'ombe wake wote na jirani aliipokea, na ng'ombe wenyewe, kama wangeulizwa, wangeipokea.

"Nikipokea, ugomvi umekwisha," Lavaus alisema, machozi ya hasira yakimtiririka. "Mimi sitaki uishe. Nataka ubaki hapa sebuleni, baba, mezani, na ndani ya lori lako, mpaka umfungulie shangazi mdomo. Ukishapimwa, nitapokea hata mti mzima."

Kulele alisimama. Uso wake ulikuwa mwekundu kuliko mate yake. Alimwambia mama yake atazame alichokizaa mwanawe. Alimwambia dada yake kwamba haya yote ni fitina ya serikali na magari yake. Mwisho akamwelekezea Lavaus kidole.

"Nakwenda," alisema. "Nakwenda sasa hivi, nikuonyeshe wewe na huyu shangazi yako kwamba nyote ni waongo. Na nikirudi utaniomba radhi barabarani, watu wakiona."

Akatoka, mlango ukagonga ukuta. Wanaume wa ng'ambo ya barabara walimwona anapanda lile gari, wakaacha kutafuna. Eleng alimwambia afungue. Akafungua vidole viwili. Akamwambia afungue zaidi. Hakuweza. Eleng alimulika taa, akatazama muda mrefu, na alipozungumza hakuwa dada tena, alikuwa muuguzi. Alimwambia kwamba kesho yake lori halitakwenda bandarini, litakwenda hospitali.

Kulele alishuka. Wa kwanza kuvuka barabara baada yake alikuwa binamu yake mkubwa, aliyejifanya anakwenda kununua chumvi. Kisha wa pili. Jioni gari lilikuwa bado halijaondoka, na mstari ulifika hadi kwenye kengele ya kanisa.

Hospitalini walimkata kipande kidogo cha nyama ya shavu wakakipima. Majibu yalipotoka, Lavaus na Mwalimu Hsiao walikuwa wamemsindikiza. Daktari alieleza kwamba doa lile halijawa saratani, lakini lilikuwa limeshika njia hiyo. Akiacha tambuu leo, na akifika kliniki kila atakapoitwa, wanaweza kulizuia. Akiendelea, asirudi kuuliza kwa nini.

Waliketi kwenye ukuta wa maegesho, Kulele akinywa supu ya wali iliyopoa. Mwalimu Hsiao ndiye aliyeanza. Alimwambia Lavaus kwamba kupangiwa upande usioupenda si kosa, na kuutetea kwa nguvu zote ni kazi ya mdahalo. Kosa ni kushika kitu unachojua si kweli ukakigeuza kuwa hoja, kwa sababu ukumbi ukishacheka na kwenda nyumbani, kuna mtu ataondoka na neno lako na kuishi nalo. Akaongeza kwamba fainali ya mwakani ipo, na Chih-an amekwisha kuanza kuuliza mada.

Lavaus alimuuliza baba yake, kwa sauti ndogo, ni upande gani anadhani ulikuwa sahihi.

Kulele alifikiri, akizungusha supu. "Serikali iliandika mabango, sikuyasoma. Ikaleta gari bure mpaka mlangoni, nikalicheka. Haiwezi kunifungua mdomo kwa nguvu," alisema. "Lakini lisingekuwepo lile gari, hasira yako ingenipeleka wapi? Ningetoka pale nimenuna, nikaenda kununua nyingine kwa mama. Kwa hiyo walete gari, waweke sheria, na nyumbani awepo mtu wa kusema ukweli. Kimoja kikikosekana, mtu kama mimi hupita katikati."

Alikuwa hajatafuna tangu jana yake. Angekuwa mkali kama nyuki kwa miezi mingi, na alijua. Akamega nusu ya mkate wake laini, akampa binti yake, naye akaupokea kwa mikono miwili.

"Ukiniona tena najidanganya," alimwambia, "nikasirikie hivi hivi. Usinihurumie."